Sauti na Barakoa: Shujaa Mpya katika Jarida la Shujaaz

Mwaka 2010 neno shujaa lilipata wingi wa namna mbili nchini Kenya. Mwezi wa Februari lilitoka jarida la katuni la bure liitwalo Shujaaz; mwezi wa Agosti ikazinduliwa Katiba iliyoifanya tarehe 20 Oktoba kuwa Siku ya Mashujaa. Dola ilishika kiambishi ma- cha Kiswahili sanifu. Jarida likachagua -z ya Kiingereza, iliyobandikwa mwishoni mwa neno kama ilivyo desturi ya Sheng. Mhakiki atakayeiona tofauti hii kuwa mchezo wa tahajia tu atakuwa amelipita swali lenyewe: je, shujaa huyu ni yuleyule?

Shujaa wa katuni aliyevuma zaidi duniani ni Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster na kutolewa Marekani mwaka 1938. Sifa zake kuu ni mbili: nguvu zipitazo za binadamu, na maisha ya siri chini ya sura ya mtu wa kawaida. Watungaji wa Shujaaz wameichukua sifa ya pili na kuitupa ya kwanza. Boyie, mhusika mkuu, ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi. Hana misuli wala joho. Chumbani mwake ameunda kituo cha redio kisicho na leseni, na humo hugeuka DJ B, ambaye sauti yake yasikika na uso wake haujulikani.

Itakuwa kosa kusema kwamba huu ni uigaji wa Kimarekani uliopunguzwa nguvu. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913, Fumo Liyongo ana mwili usiopenywa na silaha ila sindano ya shaba kitovuni. Hata hivyo, si nguvu pekee zilizomtoa gerezani. Alifichiwa tupa ndani ya mkate, na kelele za ngoma ya gungu, aliyowafunza watu nyimbo zake, zikaufunika mlio wa minyororo ikikatwa. Sauti ndiyo iliyomkomboa. Kwa hiyo Boyie, ajue asijue, ni mrithi wa Liyongo kuliko wa Superman.

Lakini urithi huu una pengo. Ngoma ya Liyongo ilikuwa na adui: mfalme wa Pate. Kisa kimojawapo cha awali cha Shujaaz chaeleza jinsi ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue. Ushauri huo una manufaa kwa mfugaji, na fasihi yetu haijawahi kuona haya kufundisha. Ila mwewe hana kiti cha enzi. Mtu anayewafunza jirani zake kufuga kuku hana sababu ya kuuficha uso wake. Barakoa ya DJ B inadai adui ambaye visa vya namna hii havimtaji. Nani aliyemnyima kijana huyu kazi na leseni?

Udhaifu wa pili ni wa lugha. Sheng hutofautiana mtaa kwa mtaa na huchakaa upesi. Kijana wa Bondeni, mjini Nakuru, anaposoma Sheng yenye ladha ya Nairobi, huenda akajiona mgeni katika karamu aliyoambiwa ni yake. Hapo ndipo kilipo kitovu cha shujaa huyu: lugha inayompa uhai ndiyo inayoweza kumtenga na msikilizaji wake.

Hata hivyo, watungaji hawa wamefanikiwa pale ambapo wengi hushindwa. Wamemvua shujaa misuli bila kumvua ushujaa, na wamethibitisha kwamba kijana asiye na kazi anastahili kuwa kiini cha kisa. Kilichobaki ni kumpa DJ B mfalme wake. Hadi hapo, gungu linapigwa na minyororo haijakatwa.