'Vijidudu' si jina la kila kisichoonekana
Katika hali ya udogo, mto huwa kijito na mti kijiti. Mdudu naye, ambaye angetosha kuwa kidudu, tumempunguza zaidi akawa kijidudu. Sina ugomvi na sarufi hiyo. Ugomvi wangu ni na matangazo ya afya yanayoita bakteria, virusi na vimelea vya malaria 'vijidudu' tu, basi.

Udogo si aina. Kimelea cha malaria huonekana kwa hadubini ya kawaida ya maabara, ndani ya chembe nyekundu ya damu. Virusi vya korona, vyenye kipenyo cha takriban nanomita 100, hutaka hadubini ya elektroni. Muhimu zaidi, antibaiotiki hupambana na bakteria, virusi haziviwezi. Mwenye mafua akiambiwa ana 'vijidudu', mbona asikimbilie duka la dawa kuitisha antibaiotiki? Ndivyo usugu wa dawa unavyoenea.

Maneno tunayo: bakteria, kimelea, kirusi. Hili la mwisho tumelipa hata umoja wake katika ngeli ya KI-VI. Tuyatumieni, jameni. Mgonjwa anahitaji kujua kilichomwingia ni nini, si udogo wake tu.