Mwizi wa sekunde: kazi ya Cameron Smith pale mpira unapolala

Ungekutana na Cameron Smith mtaani, ungedhani ni karani wa benki. Kifua chake hakikutisha mtu, na kwa mbio aliachwa nyuma na karibu kila beki uwanjani. Mafowadi aliokabiliana nao walifika kilo 110 na kupita. Yeye alikuwa na 90 na ushei. Hata hivyo, kuanzia 2002 hadi 2020 alicheza mechi 430 katika NRL, ligi kuu ya raga ya ligi ya Australia, zote akiwa na Melbourne Storm. Kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha 400.

Wachambuzi wengi wakiulizwa siri yake hujibu kwa neno moja: akili. Jibu hilo halitusaidii. Smith alikuwa fundi, na kazi ya fundi huonekana mikononi. Yake ilifanyika ndani ya sekunde tatu au nne hivi, tangu mtu aangushwe hadi mpira uinuliwe tena.

Msomaji aliyezoea raga ya Kenya, ya watu 15 au saba, lazima kwanza azisahau sheria anazozijua. Katika raga ya ligi kila timu ina watu 13, na mwenye mpira akishaangushwa na kushikwa, hakuna kuugombania. Waliomkaba humwachia, yeye husimama, huuweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu. Mwenzake aliye nyuma yake huuokota, na shambulizi linaanza upya. Timu hupewa nafasi sita za namna hiyo, kisha mpira huenda kwa wapinzani. Wakati huohuo walinzi wanatakiwa warudi nyuma mita 10, isipokuwa wawili wanaoruhusiwa kusimama mbele ya aliyeangushwa. Basi aliyeangushwa akiinuka upesi, walinzi wanakutwa bado wanarudi kinyumenyume. Akichelewa, anakuta ukuta umeshasimama.

Anayeuokota mpira ule, karibu kila mara, ni huka, mvaaji wa jezi namba 9. Timu yake ikipoteza mpira, huka huyohuyo hukaba katikati ya uwanja, mahali penye msongamano. Hivyo saa ya mchezo inapita mikononi mwake pande zote mbili, na Smith alilielewa hilo kuliko yeyote aliyeivaa jezi hiyo.

Tuanze na ukabaji, kwa sababu ndiko alikolaumiwa zaidi. Kocha wa Storm, Craig Bellamy, aliyeanza kazi 2003, aliwaletea wachezaji wake mwalimu wa jujitsu, John Donehue, awafundishe mieleka. Wa kwanza anamkamata mshambuliaji juu, mikono na mpira pamoja, asiweze kuutoa. Wa pili anamzuia asisonge, na wa tatu anamwendea miguuni. Kumwangusha tu hakutoshi: aliyelalia tumbo ananyanyuka haraka, lakini aliyelazwa chali hana budi kugeuka kwanza, na kugeuka kunakula sekunde nzima. Smith alikuwa bingwa wa kufika akiwa wa pili au wa tatu, kuweka uzito wake mdogo mahali panapouma, kisha kuondoka kwa vipande: kwanza mkono, halafu goti, halafu kiganja kinachoegemea mgongo wa mtu kana kwamba anatafuta pa kujishikilia asimame. Hakuna hata kimoja kati ya vitendo hivyo kilichotosha kupigiwa filimbi. Ukivijumlisha, wenzake kumi walikuwa wamesharudi mita zao na kujipanga.

Mchezo huo haukupendeza kuutazama, na sitajifanya niliufurahia. Tena kuna siku ulimtokea puani. Katika nusu fainali ya 2008 dhidi ya Brisbane alimkaba Sam Thaiday shingoni na kufungiwa mechi mbili. Fainali ikachezwa bila yeye, Manly wakashinda 40 kwa 0.

Sasa tumfuate akiwa na mpira. Huka wa kawaida huinama, huokota, husimama, halafu hutazama. Smith alikuwa ameshatazama kabla ya kuinama. Pasi yake ilitoka ardhini moja kwa moja, bila kupandishwa kifuani kwanza, ikamfikia mtu aliye mbali upande wowote. Hata hivyo, silaha yake kubwa ilikuwa kutopasi. Aliokota, akapiga hatua mbili tatu za kando akiwa ameushika mpira kwa mikono miwili, macho kwa mlinzi wa kwanza. Mlinzi huyo yuko njia panda. Akimwendea Smith, anaacha mwanya. Akibaki na mtu wake, Smith anapita mwenyewe. Anasita. Mpira unatoka katika kusita huko, kwenda kwa fowadi anayekuja kwa kasi kuuingia mwanya. Mtazamaji wa televisheni humsifu fowadi aliyepasua ukuta.

Kuna pia teke lake. Kanuni ya 40/20 inasema ukipiga mpira kutoka nyuma ya mstari wa mita 40 wa upande wako, ukadunda uwanjani na kutoka pembeni ndani ya mita 20 za wapinzani, timu yako inaendelea kuumiliki. Wengi hulijaribu teke hilo kwa nadra, maana likikosea umegawa mpira bure. Smith alikuwa tayari kulipiga hata mapema katika zile nafasi sita, mara anapomwona winga amesogea mbele kujiunga na ukuta. Ongeza mikwaju ya penalti na ya baada ya trai, ndipo utaelewa jinsi mtu asiye na mbio alivyomaliza na pointi 2,786, nyingi kuliko za yeyote katika historia ya ligi hiyo.

Waamuzi nao aliwafanyia kazi. Kama nahodha alikuwa na haki ya kuzungumza nao, na aliitumia hadi tone la mwisho, kwa sauti ya chini, mara nyingi wenzake wakivuta pumzi nyuma yake. Ilibidi ifike Machi 2018, katika mechi na Cronulla iliyopigwa penalti 33, ndipo kwa mara ya kwanza akatolewa dakika 10 kwa kubishana na refa.

Mataji ya 2007 na 2009 siyahesabu, kwa kuwa klabu ilinyang'anywa 2010 baada ya kugundulika inalipa mishahara kupita kiwango kilichowekwa. Yaliyobaki ni ya 2012, 2017 na 2020, na hili la mwisho ndilo lenye uzito kwa hoja yangu. Mwaka huo, ligi iliporejea Mei baada ya kusimamishwa na korona, sheria ilibadilishwa: timu ikichelewesha mpira pale ulipolala, mara nyingi refa haisimamishi tena mechi kwa penalti, bali huwaanzishia washambuliaji hesabu upya, nafasi sita nyingine. Pumziko lililokuwa likipatikana wakati wa penalti likatoweka. Wengi tuliamini ufundi wa kuiba sekunde umekwisha, na mzee wa miaka 37 ataumbuka.

Smith akaigeuza sheria upande wa pili. Alipokuwa na mpira, aliwawahi walinzi ambao bado hawajatoka njiani, refa akaashiria sita nyingine, na ukuta uliochoka ukazidi kuchoka. Fainali ya tarehe 25 Oktoba, Storm walikwenda mapumziko wakiwa 22 kwa 0 mbele ya Penrith, trai moja ikiwa yake. Penrith walirudi kwa nguvu kipindi cha pili, lakini saa ikawaishia kwenye 26 kwa 20.

Uwanjani siku hiyo alibebwa mabegani na wenzake, ila hakusema kama anastaafu. Novemba ikapita, Desemba ikapita, klabu na ligi nzima zikingoja neno lake. Alilitoa Machi 10, 2021, siku moja kabla ya msimu mpya kuanza.