Kitenzi Chini ya Saruji

Ua. Silabi mbili, irabu tupu. Ukilikuta neno hili peke yake ukurasani huwezi kujua kama ni ua la kunusa, ua wa kufagia, au amri ya kutoa roho ya mtu; lazima uchungulie maneno jirani. Nimeirudia mara nyingi habari ya nyumba ya Ggaba, na kila nikiisoma najikuta nachungulia hivyo hivyo. Nyumba ilikuwa na ua. Ndani ya ua kulikuwa na banda la gari. Na chini ya sakafu ya banda hilo, mwishoni mwa Aprili 2000, polisi wa Uganda walifukua maiti 55.

Ggaba iko mwisho wa barabara iliyobeba jina lake, kusini mwa Kampala, pale lami inapokutana na Ziwa Viktoria: soko la samaki, mitumbwi, mitambo inayosukuma maji ya jiji, na seminari kuu ya Kikatoliki. Mpangaji wa ile nyumba, upande wa Buziga, naye alikuwa padri: Dominic Kataribabo, msomi aliyepitia chuo kikuu Marekani, kisha akajiunga na Vuguvugu la Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Vuguvugu hilo ndilo lililoteketea Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, Ijumaa ya Machi 17, 2000, waumini walipoungua ndani ya jengo lililofungwa milango na madirisha.

Tazama mpangilio wa simulizi. Habari ilianza na moto, na moto ndio uliokuwa mwisho. Baada ya wiki moja likafukuliwa shimo la Rutoma, likatoa maiti 153. Ikafuata nyumba ya Kataribabo mwenyewe huko Rugazi: 155, wengine shambani, wengine chini ya sakafu. Kisha Rushojwa, 81. Ggaba ikaja mwisho kabisa, karibu mwezi mzima baadaye, na 55 wake. Waliokufa kabla ya moto walisimuliwa baada yake. Msomaji wa riwaya za upelelezi za Kiswahili, aliyelelewa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anaujua mtindo huu: maiti hutangulia, sababu hufuata. Lakini katika riwaya kila hatua ya kurudi nyuma hutupa maelezo. Hapa kila hatua ya kurudi nyuma ilitupa maiti zaidi.

Kitenzi nacho hakikutulia. Siku za kwanza, dunia nzima ilitangaza kwamba watu wa Kanungu wamejiua. Angalia kazi ya kile kiambishi kidogo -ji-: kinamkunja mtenda juu ya mtendwa, kinafunga mlango kwa ndani. Aliyejiua hana wa kumshtaki. Lakini mtu hawezi kujiua kisha akajizika na kujimwagia saruji. Mashimo yalipofunguka, -ji- ikang'oka na kauli ya kutendwa ikachukua nafasi yake: waliuawa. Nimewahi kuwaza kwamba badiliko hilo huenda lilitamkwa kwanza kwa Kiswahili pale pale ukingoni mwa shimo, maana kwa miaka mingi Kiswahili nchini Uganda kimekuwa lugha ya askari, cha kambini na cha kituo cha polisi. Ni dhana yangu tu, lakini imekataa kuniacha.

Ndipo ikaja hamu ya kumpa mtenda jina. Jina lililokuwa tayari lilikuwa la muuaji wa mfululizo, na jina hili lina asili ambayo mhakiki hawezi kuipita. Ernst Gennat, mpelelezi wa Berlin, alilitumia kwa Kijerumani mwaka 1930 akiandika juu ya Peter Kürten wa Düsseldorf. Mmarekani Robert Ressler wa FBI, anayehesabiwa kuwa ndiye aliyelieneza kwa Kiingereza katika miaka ya 1970, alieleza kwamba lilimkumbusha filamu za vipande alizokuwa akizitazama utotoni kila Jumamosi: kipande kinakatika pale pale moyo unapodunda, nawe hupati raha mpaka Jumamosi ijayo. Kwa hiyo jina la kosa hili limetoka kwenye ukumbi wa sinema. Ni istilahi ya fasihi iliyovaa sare ya polisi. Nasi tunalo neno letu kwa hadithi za namna hiyo magazetini, lile linalowekwa chini ya safu ya mwisho: itaendelea.

Istilahi ya namna hii huja na masharti yake. Inataka mtu mmoja, mwenye uso. Inataka utoto wake, jeraha lake, tamaa yake, na kipindi cha utulivu kati ya kifo na kifo. Ndiyo maana Kenya ilipompata Philip Onyancha mwaka 2010, aliyekiri kuua watu 17, simulizi lilijipanga lenyewe: kijana mmoja na safari ya kuonyesha alikoacha miili. Kwa Vuguvugu, magazeti yalijaribu kumshonea Joseph Kibwetere, mmoja wa viongozi wake, kanzu hiyo hiyo. Alifaa: mzee mwenye mali, aliyewahi kuwa katika siasa za Democratic Party. Lakini waliotoka katika kundi walisema sauti iliyokuwa ikiamua ni ya Credonia Mwerinde, aliyekuwa akiuza pombe kabla ya kudai kwamba Bikira Maria anamtokea. Nyuma yao kulikuwa na mitume 12. Kanzu ya mtu mmoja haiwatoshi, na wanaoendelea kuivuta mpaka iwatoshe wanatupotezea muda.

Sehemu ya saikolojia inayonishughulisha ni ya wale waliokuwa hai ndani ya nyumba. Waumini walizuiwa kuzungumza ovyo, wasije wakavunja amri inayokataza ushahidi wa uongo; wengi wakawasiliana kwa ishara za mikono. Mume alitenganishwa na mke, watoto na wazazi. Mali iliuzwa, fedha zikakabidhiwa. Na watu walihamishwahamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Sasa jiweke hapo. Aliyekuwa amelala mkeka wa jirani jana, leo hayupo. Amehamishwa. Kitenzi hicho kinatosha. Ni cha kutendwa pia, nacho hakina mtenda. Huna haja ya kudanganywa. Sarufi ya nyumba imekwisha kukuzoesha sentensi zisizosema nani amefanya nini, kisha hata hizo zikaondolewa, ikabaki mikono. Mkono unaweza kuonyesha chakula, sala, usingizi. Sijui ni ishara gani ingeuliza, "Yuko wapi?", na nani angethubutu kuinyanyua.

Hata siku ya mwisho ilikuwa na umbo la mfululizo. Dunia ingeisha Desemba 31, 1999. Mahali pengine walifundisha kwamba baada ya 2000 hakuna 2001, unaanza mwaka wa kwanza wa kizazi kipya. Januari ikaja kama Januari nyingine zote. Waliouza mashamba wakaanza kudai. Viongozi wakafanya kile anachofanya mwandishi wa safu aliyeishiwa: wakaahirisha, wakatangaza tarehe nyingine. Kabla ya tarehe hiyo kukafanywa karamu, wakachinja ng'ombe na kununua soda kreti kwa kreti. Waandishi wote waliipenda ile soda, nami nawaelewa. Kati ya habari iliyojaa Bikira na mbingu, kreti za soda ndizo kitu cha kwanza unachoweza kukishika.

Pale mtenda alipokosekana, tarakimu zilichukua usimulizi. 153, 155, 81, 55: jumla 444 mashimoni peke yake, mbali na mamia ya Kanungu ambao hesabu yao haikukubaliana kamwe. Soma tena aya za wakati ule uone tarakimu inavyokaa mahali pa nomino. Wangapi, siyo akina nani. Ggaba ndiyo iliyoumia zaidi na mtindo huu. Kwa kuwa ilikuja ya mwisho, na kwa kuwa 55 ni ndogo mbele ya 155, mara nyingi hupewa sentensi moja, tena ile ya kufungia aya. Watu 55 chini ya banda la gari katika mji mkuu wa nchi, wamegeuzwa kiambatisho. Mwaka 2023 Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ilituonyesha tena jinsi hesabu ya maiti inavyopanda siku hadi siku mpaka ikavuka 400, na masikio yetu yakawa yanangojea tu namba ya jioni.

Mwaka 2009 Richard Vokes, mwanaanthropolojia, alitoa kitabu chake juu ya Kanungu kilichokitikisa kitenzi kwa mara nyingine. Hoja yake ni kwamba huenda wengi wa waliolala mashimoni hawakunyongwa wala kulishwa sumu. Huenda ni malaria, iliyovuma miaka ile katika nyumba zilizojaa watu pomoni. Mimi naona hoja hiyo inabeba mzigo mzito, kwa sababu waliofukua baadhi ya mashimo walitaja vitambaa vilivyofungwa shingoni. Ila Kiswahili kinamfaa Vokes kwa namna ambayo pengine hakuitarajia. Husema: ameuawa na jambazi. Husema pia: ameuawa na malaria. Kitenzi ni kile kile, na "na" ni ile ile. Sentensi "waliuawa" inawakubali wote wawili, polisi na mwanaanthropolojia. Ugomvi wao wote umo katika neno linalofuata "na".

Tume iliyoundwa na serikali kulijaza neno hilo haikufanya kazi, kwa kukosa fedha. Kuna hati za kuwakamata viongozi, na zina majina. Ila zilitolewa mwanzoni mwa Aprili. Sakafu ya Ggaba ilivunjwa wiki kadhaa baadaye. Siku watenda walipokuwa wakiandikwa na kupigwa muhuri, watendwa 55 walikuwa bado hawajafukuliwa, gari likiweza kuegeshwa juu yao.