Mayowe na Zaburi: Albamu Mbili Kutoka kwa Majirani

Baadhi ya vijana wetu wa Ngara na Biharamulo husikiliza kwenye simu zao muziki ambao kwaya zetu hazijawahi kuuimba. Ni muziki wa metali: magitaa makali, ngoma za kasi, na mwimbaji anayepiga mayowe. Wengi wetu tukiusikia huuita wa shetani na kufunga mjadala. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime mambo yote, na kupima huanza kwa kusikiliza.

Hofu yetu ina sababu. Tawi la muziki huu liitwalo bleki metali lilijipatia sifa mbaya huko Norway. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la kale la mbao la Fantoft, jijini Bergen, liliteketezwa kwa moto, na mengine yakafuata. Mwaka 1994 mwanamuziki mmoja wa tawi hilo alihukumiwa miaka 21 gerezani kwa mauaji na kuchoma makanisa. Muziki unaojivunia matendo hayo hatuwezi kuupokea.

Hata hivyo, majirani zetu nao wana mayowe yao, na hayo tuyapime kivyake. Albamu iitwayo Duma ilitoka mwaka 2020. Ni kazi ya vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, na ilirekodiwa Kampala, mji ulio karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Kwetu duma ni mnyama mwenye mbio. Wao jina hilo wamelitoa katika neno la Kikuyu lenye maana ya giza. Maana zote mbili zinafaa. Ngoma za mashine zinashuka kama mvua ya mawe juu ya bati, na sauti ya Kanja inapasuka katikati yake. Uzuri wa albamu hii ni kwamba haiigizi furaha. Udhaifu wake ni kwamba haimwachii msikilizaji mahali pa kuvuta pumzi. Tena wimbo mmoja una jina linalomwambia mtu ajiue kabla hajauawa. Jina hilo tunalikataa wazi, kwa ajili ya kijana anayelisikiliza peke yake usiku.

Albamu ya pili, The Adept, Kanja aliitoa mwaka 2024 kwa jina la Lord Spikeheart. Mayowe ni yale yale, na maneno bado ni magumu kuyashika, lakini kazi imekomaa. Ameitoa kwa heshima ya bibi wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau aliyekaa msituni hadi uhuru wa Kenya mwaka 1963. Hapa kilio kina mtu anayeliliwa, kwa hiyo kinatugusa zaidi. Wimbo mmoja unataja hata Patmo, kisiwa cha Yohana wa Ufunuo.

Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, bila neno la faraja mwishoni. Bado imo katika Biblia, kwa sababu mwenye kulia anamlilia Mungu tangu mstari wa kwanza. Hicho ndicho kipimo chetu: tusiulize sauti ni kali kiasi gani, tuulize inamwelekea nani.

Sisi watu wa Ngara hatuna haki ya kushangaa mayowe. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia Rwanda, huku mto Kagera ukibeba maiti. Walioyaona wangali miongoni mwetu. Lakini ni nyimbo ngapi za kwaya zetu zinazolia? Nyingi zinashangilia ushindi kabla machozi hayajakauka, na kijana mwenye uchungu akikosa kilio kanisani atakitafuta kwingine.

Basi, mzazi akimkuta mwanawe na The Adept, asimnyang'anye simu. Aketi naye, wasikilize pamoja, kisha amuulize: unalia nini, mwanangu? Na walimu wa kwaya watutungie wimbo wa maombolezo, nasi tutauimba.