Siku Tatu Majini

Ugali wa muhogo wa Walungu, Kivu Kusini, huanza majini, si jikoni. Mama wa Kishi humenya mihogo michungu, huiloweka siku tatu au nne, kisha huikagua kwa vidole: muhogo ukibonyezwa ukalegea na nyuzi zikachomoka zenyewe, umefika; ukikaza, unarudi majini. Harufu kali ya uchachu, ile inayowakimbiza wageni, kwake ni habari njema. Ndipo huanika, hutwanga na kuchekecha.

Naisifu kazi hii kwa kuwa inalinda neva za watoto. Ndani ya muhogo mna linamarini, kemikali yenye sianidi, na kimeng'enya kinachoivunja, kila kimoja mahali pake. Uchachu hulainisha muhogo, viwili hivyo hukutana, sumu ya sianidi hutoka na kwenda zake na maji na hewa. Inayobaki mwili huigeuza kuwa thiosianati kwa kutumia salfa itokanayo na protini, ambayo kwa anayekula ugali na sombe (majani ya muhogo) tupu ni haba. Hapo ugonjwa wa konzo hupata mlango: miguu ya mtoto hukakamaa ghafla, na haiponi. Imeshaonekana Burhinyi, jirani na Walungu. Kule Bandundu, barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa na biashara ya muhogo ikachangamka, siku za kuloweka zilipunguzwa, konzo ikazuka.

Thiosianati nayo ina vita vyake: huizuia tezi ya shingo kunyonya madini joto. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, miaka ya 1960, mtafiti François Delange na wenzake walikuta upungufu wa madini joto kotekote, lakini goita ilijaa kaskazini na ilikuwa chache kusini magharibi. Muhogo ukashukiwa. Na bila madini joto hakuna homoni ya tezi, ambayo huziongoza seli changa za neva zichipue matawi na kuungana. Watoto wa panya wakinyimwa homoni hiyo tangu kuzaliwa, seli kubwa za serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, hubaki na matawi mafupi, machache. Ikiletwa wiki kadhaa baadaye, haifidii yote.

Wako wanaouita ujuzi huu ushamba, wakisifu mashine. Mashine ya kusaga naikaribisha, ila haishiki nafasi ya maji. Basi wewe unayenunua unga sokoni Kadutu, Bukavu, usimpunje muuzaji anayedai bei ya siku tatu. Muulize aliloweka siku ngapi. Akisema moja, nenda kwa mwingine.