1541: Mbio ziliuawa kwenye waya

Mliokwisha kufungua kasha la kiendeshi cha diski cha 1541 na kufuata nyaya zake mpaka soketi ya nyuma mmejionea wenyewe. Commodore walipoifunga Commodore 64 kwenye mkondo uleule wa biti mojamoja wa VIC-20, mwaka 1982, walifanya uamuzi wa hovyo.

Kinachoudhi ni kwamba ndani ya kasha kazi ni safi. Hamna chipu maalumu ya kudhibiti flopi. Prosesa ya 6502, yenye kilobaiti 2 za ramu na 16 za romu, inasoma msimbo wa GCR wa diski yenyewe. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi uko kwenye waya. VIC-20 ilikusudiwa itumie shifti rejista ya chipu ya 6522, ipokee baiti nzima bila kuisumbua prosesa. Rejista ile ilikuwa na hitilafu, kazi ikatupiwa programu: tazama CLK, soma DATA, umepata biti moja, anza upya. VIC-20 naisamehe, iliangushwa na chipu. Lakini 64 ilikuja na chipu ya 6526, rejista yake nzima kabisa! Dawa iko mkononi, wakaiacha, eti diski iendane na mashine ya zamani. Tena VIC-II, chipu ya picha ya 64, kila mstari wa nane wa picha, huipokonya prosesa mizunguko kama 40, ikabidi 1541 ipunguzwe mwendo zaidi ili 64 isipitwe na biti. Ushahidi umo kwenye romu: tuma amri ya UI-, diski inarudia mwendo wa VIC-20. Mashine mpya ikawa inapakia polepole kuliko iliyoitangulia.

Pigeni hesabu. Diski huzunguka mara 300 kwa dakika. Kwenye traki za nje, zenye sekta 21, mzunguko mmoja wa sehemu ya tano ya sekunde hupitisha baiti 5,376 chini ya kichwa. Waya hutoa kama 400 kwa sekunde, kwa hiyo traki hiyo moja huchukua sekunde 13 na ushei. Sisi wa Chalinze tunalijua lori linalokuja mbio kutoka Tunduma, kisha likakwama kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza.

Nimeshasema na nasema tena, mbana matumizi asipewe kalamu ya kuchora saketi, isipokuwa awe Wozniak wa Apple. Kadi yake ya Disk II, 1978, ilikuwa na chipu nane tu, lakini baiti ziliingia moja kwa moja kwenye Apple II. Alipunguza chipu, njia hakuigusa. (Sisi huku, kwa marufuku ya 1974 ya kuingiza kompyuta nchini, hata hiyo foleni ya baiti tuliikosa. Kinyongo hicho nacho kina siku yake.)

Na msiniambie vifaa havikuruhusu. Walioichambua romu ya 1541 walijua kwamba kwa amri za M-W na M-E unaweza kupandikiza programu yako ndani ya diski. Epyx FastLoad, 1984, ilipakia kama mara tano zaidi kwa kebo ileile na diski ileile.

Commodore wenyewe walijisahihisha mwaka 1985. 1571 ilipokutana na Commodore 128, rejista ya 6526 ilipewa kazi yake, saa yake ikipita kwenye waya wa SRQ. Waya huo ulikuwepo kwenye soketi ya 64 tangu ilipotoka kiwandani.