Upepo wa Klachi

Pedali ya klachi ikizama hadi sakafuni bila kupinga, madereva wengi hulilia giaboksi. Fundi mmoja wa Ilala, Dar es Salaam, hakulia wala hakubisha. Hilux ilikuwa imevutwa kwa kamba hadi gerejini kwake, na mwenye gari akaeleza kwamba injini ikiwaka gia haziingii, na rivasi inasaga. Fundi alitandika kipande cha boksi, akajipenyeza chini ya dashibodi, akapeleka kidole nyuma ya pedali, pale rodi inapoingia ukutani. Kidole kikarudi kimelowa. Akakinusa, kisha akamwonyesha kijana wake. "Masta hiyo, dogo. Giaboksi haina kosa."

Klachi ya aina hii haina waya. Pedali husukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda, masta husukuma mafuta ya breki kwenye bomba jembamba, na mafuta hayo husukuma pistoni ya pili ndani ya slevu, ile silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi. Slevu nayo husukuma uma unaoachanisha klachi na injini. Nguvu ya mguu husafiri kote huko kwa sababu mafuta hayabanwi. Raba ya pistoni ikichoka, mafuta hupita pembeni yake na safari inakatika njiani.

Kabla ya kushika spana, fundi alifyonza mafuta yote ya kwenye kikopo cha masta kwa bomba la sindano. Akatandaza matambara chini yake na kuweka ndoo ya maji karibu, maana mafuta ya breki hula rangi ya gari, na dawa yake ni kuyaosha papo hapo kwa maji. Kijana alichomoa klipu na pini inayounganisha rodi na pedali. Halafu ikaja nati ya bomba, namba 10, na hapo ndipo mikono ya haraka huharibu kazi. Nati hiyo ni laini na imekaa miaka bila kuguswa. Spana ya mdomo huishika pande mbili tu, ikiteleza inazikata kona na nati inabaki duara. Fundi alitoa spana ya pete aliyoikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, akaacha upenyo wa kupitisha bomba. Ilishika kona karibu zote. Akaipa nati mafuta ya kulainishia, akaigonga kidogo kwa mpini wa bisibisi, akasubiri. Alipozungusha, ililegea bila kelele, na bomba halikujipinda pamoja nayo. Nati mbili zinazoishikilia masta zilifuata, moja kwa kuiona, nyingine kwa kuipapasa tu.

Mwenye gari alikuwa ameomba zibadilishwe raba peke yake, kwa kuwa ni nafuu. Fundi hakumkatalia kwa maneno. Aliifungua masta ya zamani juu ya meza, akaipangusa kwa ndani, akamulika kwa tochi na kumwachia achungulie. Ukuta wa silinda ulikuwa na vishimo vya kutu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na jiji hili lina unyevu wa kumtosha kila mtu. Yakikaa miaka bila kubadilishwa, maji hayo huanza kula chuma. Raba mpya ikisuguana na vishimo vile ingekatika upesi. Mwenye gari alichungulia mara mbili, akatoa pochi.

Masta mpya ilipofika kutoka maduka ya spea ya Gerezani, fundi hakuifunga. Aliilaza sambamba na ile ya zamani. Akasoma namba 5/8 ubavuni mwa zote mbili, ambayo ni kipenyo cha ndani kwa inchi, karibu milimita 16. Akalinganisha urefu wa rodi na mahali pa kutokea bomba. Kipenyo kikizidi, pedali inakuwa nzito. Kikipungua, mafuta yanayosukumwa hayatoshi kuiachanisha klachi. Aliporidhika aliibana kwenye jiliwa kwa upole, akafungua kikopo kipya cha DOT 3, akaijaza, akaanza kuisukuma pistoni kidogokidogo kwa bisibisi ya nyota huku akiziba tundu la kutokea kwa kidole kila aliporudisha. Vipovu vilipanda. Aliendelea hadi vikaacha. Upepo unaotolewa mezani, alisema, hautakusumbua ukiwa umelala chini ya gari.

Ilipowekwa mahali pake, nati ya bomba aliianzisha kwa vidole na kuizungusha hadi karibu mwisho kabla ya spana kuigusa. Uzi ukiingia mshazari, chuma laini cha masta huharibika na fedha ya mtu imekwenda.

Kisha ikaja kazi ya kutoa upepo wenyewe. Fundi chini ya gari, kijana kwenye pedali. Kwenye nati ya kutolea upepo ya slevu alivika mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo ili upepo usirudi. "Kanyaga. Shikilia." Akafungua robo mzunguko, mafuta machafu yakatoka na mlolongo wa vipovu. Akafunga. "Haya, achia polepole." Kijana akiachia kabla nati haijafungwa, gari linavuta upepo upya na kazi inaanza mwanzo. Akipampu kwa pupa, mapovu makubwa yanachanwa kuwa madogo na mafuta yote yanageuka kama maji ya sabuni. Kwa hiyo walikwenda kwa mwendo mmoja, na kila baada ya mikanyago michache kijana alishuka kuongeza mafuta kwenye kikopo, kisiachwe kikauke.

Mafuta yakaanza kutoka safi, lakini pedali bado ilikuwa laini kwa juu. Mtu mwingine angepampu zaidi. Fundi aliacha. Alifungua nati ya slevu kidogo, akayaacha mafuta yadondoke yenyewe, huku akiligongagonga bomba kwa mpini wa spana kuanzia chini kwenda juu, akisimama zaidi pale linapopinda, ambapo vipovu hupenda kung'ang'ania. Akafunga, akakaa juu ya tairi, akaomba chai. Kikombe kilipokwisha alirudi chini, akafungua tena. Kiputo kimoja kikubwa kikatoka, kisha vidogo viwili, kisha hakuna. Pedali ikajibu mguu mapema, ikiwa ngumu na ya uhakika.

Alirudi kwenye rodi. Aliirekebisha hadi pedali ikawa na uchezaji mdogo kwa juu kabla ya rodi kugusa pistoni. Rodi ikikaza mno, pistoni hairudi hadi mwisho na mafuta hukosa njia ya kurejea kwenye kikopo; yakipata moto yatatanuka, na klachi itaanza kuteleza. Akakaza nati ya kufungia, akapangusa kila kiungo hadi kikauke, akafunga karatasi kavu pale bomba linapoingia kwenye masta.

Injini ikawashwa. Kijana akakanyaga, akasubiri kidogo, akaingiza rivasi. Iliingia bila kusaga. Mwenye gari akanyoosha mkono kudai funguo.

"Bado, bosi," fundi akasema. "Iache ingurume kwanza, niitazame ile karatasi."